Taa ya Nyuma

"Wallahi sikumwona, mama."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kutoka kwa dereva wa tuktuk aliyemgonga kijana wangu, na kwa siku nyingi yalinikaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Alikuja mwenyewe hospitalini, mtu wa makamo, kofia mkononi, macho chini. Hakukimbia, na hilo peke yake lilitosha kumtofautisha na wengi. Lakini mimi wakati ule sikuwa na nafasi ya kumpima mtu uungwana. Mtoto wangu wa miaka 16 alikuwa amelala na mtulinga uliovunjika, goti limechunika, kanzu imepasuka tangu begani hadi kiunoni. Nilimjibu yule bwana kwa ukali ambao leo nauonea haya. Nilimwambia: "Kijana mrefu kama huyu, amevaa kanzu nyeupe, yuko juu ya baiskeli, hukumwonaje?"

Swali lile nililiuliza kwa hasira, si kwa kutaka jibu. Ilinichukua muda kukubali kuwa jibu lipo, na kuwa sehemu yake ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mkono wangu mimi.

Sisi tunakaa ndani kidogo ya barabara kuu iendayo Malindi, mahali ambapo nguzo za taa zipo lakini huwaka zikipenda. Chuo anachohifadhia Qur'ani kiko umbali wa kilomita nne hivi. Huondoka baada ya Alasiri, husali Maghrib huko huko, husoma hadi Isha, kisha hurudi. Kila mkaazi wa Pwani anajua kwamba jua letu halina maagano marefu. Likizama, kabla hujamaliza nyiradi zako giza limekwisha tanda. Kwa hiyo safari yake ya kwenda ni ya mchana na ya kurudi ni ya usiku, kila siku, mwaka mzima, na mwezi wa Ramadhani huongezeka tarawehe.

Jioni ile nilimtuma unga. Nilimwambia akitoka chuoni apitie dukani achukue pakiti nne, kwa kuwa asubuhi yake nilikuwa na oda ya maandazi. Akazitia kwenye mfuko, akaufunga mfuko juu ya keria kwa mpira, na mfuko ukaning'inia nyuma ukaifunika ile riflekta ndogo nyekundu iliyokuja na baiskeli. Mbele alikuwa na tochi. Tochi hiyo niliinunua mimi, tukaifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, na nikajiona mama mwenye kujali. Nyuma hakukuwa na kitu. Lori lilikuwa likija kutoka upande wa pili na taa zake kamili. Tuktuk ilikuwa nyuma ya kijana. Dereva akapigwa na mwanga wa lori machoni, na katika weupe ule mtoto wangu akapotea kama chumvi ndani ya maji.

Alhamdulillahi, mfupa uliunga. Wiki sita mkono ulikuwa shingoni. Baada ya hapo nikatoa hukumu yangu: baiskeli basi. Niliifungia stoo na ufunguo nikauweka katika sanduku la mkufu wangu.

Wasomaji walio na watoto wa hifdhi watalielewa lililofuata. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku si jambo dogo katika nyumba inayohesabu. Wiki ya kwanza alikwenda siku tano, ya pili tatu, na ya tatu akawa anasikilizishwa na baba yake nyumbani, ambaye naye hurudi kazini amechoka na kusinzia katikati ya aya. Kijana alikuwa amefika juzuu ya 22. Ustadhi akatuma salamu kuwa muraja'a unalegea, na anachelea zile za mwanzo zitamponyoka. Mume wangu hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti yake ile ya chini, "Ukimwondolea baiskeli umemwondolea chuo. Tafuta njia nyingine ya kuogopa."

Nikasema basi, baiskeli itatoka stoo siku nitakaporidhika na taa zake, na taa nitazichagua mimi. Kijana akapinga, si kwa utovu wa adabu, bali kwa ujanja wa mtoto wa chuo. Akanikumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, yenye bishara ya nuru kamili Siku ya Kiyama kwa wale wanaokwenda misikitini gizani. "Mama, ahadi iko kwenye giza," akasema huku akicheka. Kabla sijapata jibu, bibi yake, mama wa mume wangu, aliyekuwa akichambua mchicha barazani, akamwambia bila ya kuinua kichwa: "Wamesifiwa wanaokwenda gizani, mjukuu wangu. Hawakusifiwa wanaojificha gizani." Jumamosi iliyofuata alirudi darsani na silaha ya pili. Mwalimu wake wa darsa amewaambia kuwa Tamim ad-Dari ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuwasha taa msikitini, na hakuna aliyemwambia kuwa amewapunguzia watu thawabu.

Ununuzi wangu wa kwanza ulikuwa wa kijinga, na nauandika hapa ili mwengine asitupe pesa zake. Niliona kwa mchuuzi tochi ya baiskeli imeandikwa kwenye sanduku lake lumeni 10,000, kwa shilingi 350. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga wote utokao kwenye taa. Sikujua hivyo wakati ule, nilijua tu kuwa elfu kumi ni nyingi. Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu alipoiona alicheka hadi akaweka spana chini. Akanieleza kuwa taa moja ya kawaida ya gari, ile ya balbu ya halojeni, ikiwa imeinamishwa chini hutoa kama lumeni 1,000. "Kwa hivyo mama, hapa umenunua taa za mbele za magari matano, kwa bei ya kuku nusu." Akaifungua, akatoa betri. Ilikuwa betri ya lithiamu ya aina iitwayo 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65, nayo imeandikwa miliampea-saa 9,900. Akasema betri ya umbo hilo, hata ikitoka kiwanda cha kuaminika, kwa kawaida hufika kama 3,500, na hiyo 9,900 ni wino tu. Tangu siku hiyo nikipewa taa yenye namba kubwa mno huirudisha mezani bila ya kuuliza bei. Muuzaji anayesema uongo juu ya sanduku atasema uongo na ndani yake.

Nilimuuliza fundi kuhusu dainamo, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh nyeusi yenye dainamo ya chupa, ile inayoegemezwa kwenye tairi ikasuguana nayo. Tulikuwa tukimsikia kabla hatujamwona: mvumo wa dainamo ukiingia uchochoroni, nasi tunakimbilia mlangoni. Ile ilikuwa ya volti sita na wati tatu, kwa taa ya mbele na ya nyuma pamoja, na haikuhitaji betri wala chaji. Lakini ilikuwa na aibu moja. Baba aliposimama, taa nayo ilikufa. Yaani pale hasa anaposimama katikati ya njia kungoja magari yapite ili akate kulia, ndipo alipokuwa haonekani. Fundi anasema siku hizi zipo zinazohifadhi umeme kidogo na kuendelea kuwaka dakika chache baada ya kusimama, ila yeye hanazo, na katika mchanga wa vichochoro vyetu kijana atakuwa anaburura mguu. Niliiacha kwa masikitiko. Ule mvumo ningependa kuusikia tena.

Kwa hivyo tukaingia kwenye taa za LED, hizi ndogo zinazochajiwa kwa waya wa simu. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya rangi ya samawati, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana taa nyeupe za namna hii zinazokula umeme kidogo. Nilipolisoma hilo nilimwombea mtulinga wa mwanangu awe wa mwisho, kwani kisingizio cha kuwa taa nzuri ni ghali kimekwisha ondoka.

Mambo niliyoyatazama yalikuwa haya. Kwanza maji na chumvi. Taa iliyoandikwa IPX4 hustahimili mnyunyizo wa maji kutoka kila upande, yaani mvua ya masika ukiwa njiani. IPX7 hustahimili kuzamishwa katika maji ya mita moja kwa nusu saa, jambo ambalo sikuliona na haja isipokuwa kwa mtu anayevuka mto. Lakini sisi wa Pwani tuna adui ambaye hakuandikwa kwenye sanduku, naye ni hewa ya bahari. Tundu la kuchajia lisipokuwa na kifuniko cha mpira kinachobana barabara, baada ya miezi michache litafanya kutu ya kijani na taa itakataa chaji. Nilikataa taa mbili nzuri kwa sababu ya vifuniko vyao tu.

Pili, mwanga wenyewe. Kwa njia isiyo na taa za barabarani, ya mbele yenye lumeni 200 hadi 400 za kweli ilitutosha. Ukiongeza zaidi unajiongezea uzito wa betri na unawaongezea wengine karaha. Tulilijua hilo usiku wa pili. Kijana aliielekeza taa mbele sawasawa kama kurunzi ya mvuvi, na mzee mmoja wa mtaani, aliyekuwa akitoka Isha akitembea kwa bakora, akaziba macho na kusimama. "Mwanangu, umenipofua," akasema. Kijana alirudi nyumbani amenywea. Sisi ni watu tuliofundishwa kuwa kuondoa la udhia njiani ni sadaka, na hapa tulikuwa tumeununua udhia dukani na kuupachika kwenye usukani. Tukaiinamisha, ule moyo wa mwanga uangukie chini, mita saba au nane mbele ya gurudumu. Mashimo yakaonekana vizuri kuliko mwanzo. Ujerumani sheria inataka taa ya mbele ya baiskeli iwe na mwanga uliokatwa juu, kama wa gari, usipande machoni mwa watu. Kwetu hatuna mtu wa kutukagua, inabaki adabu na skrubu moja.

Lakini pesa nyingi, na hapa natofautiana na vijana wote niliowauliza, nilizitia nyuma. Kijana hupenda taa ya mbele kwa sababu ndiyo anayoiona. Ya nyuma ni ya watu wengine, yeye mwenyewe haimwonyeshi kitu. Mama ndiye anayejua thamani yake.

Sasa nirudi kwa yule dereva. Alikuwa akija kumjulia hali kijana kila baada ya wiki mbili, na mara moja alileta madafu. Siku moja alipowakuta mume wangu na fundi barazani wakibishana juu ya taa inayometameta na taa tulivu, akasema: "Shekhe, mbona mnabishana? Mimi ndiye niliyekuwa simwoni. Nitieni ndani ya tuktuk yangu, mpitisheni kijana mbele yangu, niwaambie naona nini."

Tukafanya hivyo baada ya Isha, katika njia ya ndani isiyo na magari. Mimi na mkwe wangu tukakaa kiti cha nyuma cha tuktuk, fundi akasimama kando ya njia, mume wangu akatangulia na gari la jirani akatuelekezea taa zake kamili kutoka mbele, kama lile lori. Kijana akapanda baiskeli akapita katikati.

Mara ya kwanza alipita na kanzu yake nyeupe tu, bila ya taa. Nawaambia, mama wenzangu, nilikuwa nimejua kuwa yupo pale na bado nilimtafuta. Kanzu ile ninayoiloweka, ninayoianika na kuipiga pasi hadi ing'ae, mbele ya mwanga wa gari ilikuwa kijivu kisha haikuwa kitu. Fundi alinieleza sababu baadaye. Kitambaa cheupe huutawanya mwanga kila upande, na unaorudi kwa dereva ni mchache. Riflekta ni kitu kingine: ndani yake mna vipembe vidogo vingi, kila kimoja kina nyuso tatu zilizokutana kama kona ya sanduku, na mwanga ukiingia hupokezanwa baina ya nyuso hizo ukarudi kule kule ulikotoka, machoni mwa dereva. Ila isifunikwe na mfuko wa unga. Na ikumbukwe kuwa riflekta haina mwanga wake. Tuktuk yenye taa moja dhaifu haitaiamsha kutoka mbali.

Mara ya pili akapita na taa nyekundu inayometameta. Dereva akasema papo hapo, "Naam, kuna kitu." Nikamuuliza kiko umbali gani. Akanyamaza. "Hapo sijui, mama. Inanijia na kunipotea." Mara ya tatu ikawa taa tulivu. Hiyo aliiona kwa kuchelewa kidogo, lakini alipoiona alijua iko wapi, na akajua kuwa anaikaribia. Mara ya nne tukaweka zote mbili, tulivu imekazwa mwisho wa keria, chini ya mahali ambapo mzigo unaweza kuning'inia, na ndogo inayometameta imebanwa mgongoni kwenye mkoba. Safari hiyo dereva hakusema kitu mpaka kijana alipokwisha pita. Kisha akafuta uso kwa kiganja akasema, "Lau angekuwa nazo."

Sikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia habari ya unga, kuwa ule mfuko nilimtuma mimi, na kuwa miezi yote ile nilimwachia abebe lawama peke yake. Nilimwambia palepale, ndani ya tuktuk, mbele ya mkwe wangu. Akasikiliza. Akasema kuwa yeye pia siku ile hakupunguza mwendo alipopigwa na mwanga wa lori, na kwamba hilo hakuwahi kumwambia mtu. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukipofushwa kwa sekunde mbili umekwenda mita 28 bila ya macho. Tuktuk yake haikuwa ikienda kwa kasi hiyo, lakini ilikwenda ya kutosha. Tukaombana radhi. Mkwe wangu akatia amin, akauliza kama tunaweza kwenda nyumbani kwa kuwa mbu wamezidi.

Seti nzima ilitugharimu shilingi 2,600: ya mbele moja, za nyuma mbili. Fundi alitupachikia bure riflekta za kanyagio, zile za rangi ya machungwa, na hizo ndizo nilizozipenda kuliko nilivyodhani. Kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na miguu, dereva akiziona anajua mara moja kuwa mbele yake kuna mtu anayeendesha, si kigingi wala ng'ombe. Upindo wa kanzu tunaukunja na kuubana kwa mkanda, kwani mbali na kuingia kwenye mnyororo, ukiachwa huanguka nyuma na kuifunika taa.

Zipo kero zake. Taa za kubandua zinapendwa na wezi, kwa hivyo kijana huzichomoa na kuingia nazo msikitini. Usiku mmoja wa tarawehe ile ndogo ikajiwasha mfukoni wakati wa sijda, na safu nzima ya nyuma ikaona kanzu inametameta nyekundu. Alirudi akiapa kuwa hatoivaa tena, na kesho yake akaivaa. Chaji nayo ilitusumbua mpaka nilipotoa amri kuwa taa zachajiwa Ijumaa na Jumatatu, na simu yoyote itakayokutwa kwenye waya ule siku hizo itachomolewa, iwe ya mtoto au ya baba mtu. Mara moja nilichomoa ya baba mtu.

Sasa yuko juzuu ya 26. Bado sikai chini saa hizo. Isha ikipita husimama kwenye dirisha la jikoni, ambalo linaelekea njia, na kujifanya naosha vyombo. Kutoka pale huiona ya mbele kwanza, nyeupe na imeinama, kisha akikata kona kuingia kwetu, kwa kitambo kidogo ananipa mgongo nikaziona na zile mbili nyekundu. Juzi mkwe wangu alisimama nami, akatazama, akaniuliza bei ya ile ndogo. Anataka kuibandika kwenye mkoba wake, akienda darsa ya usiku.